Turkana na Chalbi kwa gari na hema: hesabu maji na saa, kilomita ziache

Wanaoniandikia kuhusu safari ya kaskazini mwa Kenya huanza karibu wote na swali moja: kutoka Nairobi hadi Ziwa Turkana ni kilomita ngapi? Nawajibu, kwa sababu swali ni la haki. Ukipita Nyahururu, Rumuruti, Maralal, Baragoi na South Horr, utafika Loiyangalani, mji ulio ukingoni mwa ziwa, baada ya kilomita 580 hivi. Ukizunguka kwa North Horr, Kalacha, Marsabit na Isiolo mpaka urudi Nairobi, mzunguko mzima unakaribia kilomita 1,400. Halafu nawaomba waiweke namba hiyo kando, kwa maana haitawasaidia kupanga chochote. Sehemu kubwa ya kilomita hizo ni lami, unazimaliza kwa siku mbili tatu bila jasho. Zile 500 na kitu zilizo kati ya Maralal na Marsabit ndizo safari yenyewe, na huko gari lenye mzigo likienda kilomita 25 kwa saa, dereva ameendesha vizuri.

Kazi yangu ni kuongoza misafara ya kupiga kambi, na kabla ya hapo nilikuwa fundi wa magari haya haya yanayokwenda huko. Kwa hiyo naiona safari kwa macho mawili: la mtu anayetaka wageni wake walale salama, na la mtu anayejua ni boliti gani italegea kwanza. Macho yote mawili yananiambia jambo moja. Kaskazini hupangwa kwa lita za maji na kwa saa za mchana. Ukizipata hesabu hizo mbili, mengine yote yanajipanga nyuma yake.

Nianze na saa, maana ni fupi. Tunang'oa kambi saa kumi na mbili asubuhi, na saa kumi jioni lazima tuwe tumesimama, hata kama tunakokwenda kunaonekana kwa mbele. Saa mbili za mwanga zinazobaki ni za kukagua gari, kusimamisha hema, kupika na kuyaangalia mazingira kabla ya giza. Usiku hatuendeshi kamwe. Mawe ya lava hayaonekani kwa taa, ngamia hulala barabarani kwa sababu udongo una joto, na ukikwama usiku hakuna atakayepita mpaka asubuhi. Ukiondoa mapumziko ya adhuhuri na pancha moja, siku nzima inakupa saa saba za kuendesha. Zidisha kwa 25. Hapo ndipo utaelewa kwa nini Baragoi hadi Loiyangalani, ambayo kwenye ramani ya simu ni kidole kimoja, naipa siku nzima.

Maji na uzito wake

Mtu mmoja kwenye joto la bonde la Turkana anahitaji lita tano za kunywa kwa siku. Ongeza za kupikia, kuosha vyombo na kunawa, nafikia lita kumi, na hapo hakuna anayeoga. Watu wanne kwa siku tano, tangu South Horr mpaka Marsabit, ni lita 200. Wengi wakisikia hivyo wanafikiria bei au mahali pa kuteka. Mimi nafikiria uzito: lita 200 ni kilo 200, sawa na kuongeza watu wazima watatu ndani ya gari. Bado kuna dizeli. Land Cruiser ya injini ya 1HZ, ile ya silinda sita lita 4.2 isiyo na kompyuta hata moja, ikiwa na mzigo kwenye mchanga itakunywa lita 20 kwa kila kilomita 100, na penye mchanga mzito hata zaidi. Tangi la lita 90 halitoshi kutoka Maralal hadi Marsabit. Loiyangalani na North Horr mafuta yanapatikana, lakini huuzwa kwenye mapipa na jerikeni, na siku unayoyahitaji wewe huenda lori halijafika. Nabeba jerikeni tatu za ziada, na mafuta ya kuuziwa njiani nayachuja kwa kitambaa kabla hayajaingia tangini.

Sasa mzigo huo unauweka wapi? Hapa ndipo naona magari mengi yakiharibiwa kabla hayajatoka Nairobi. Watu hupanga jerikeni za maji juu ya keria, eti ndani pabaki nafasi ya kukaa. Kilo 200 juu ya paa huinua uzito wa gari mahali pasipostahili, na kwenye mteremko wa pembeni, kama ile miteremko ya mawe unapolikaribia ziwa, gari linaanza kuegemea upande na halirudi. Na hata likirudi, mtikiso wa siku nzima huikata keria kwenye maungio. Maji yakae sakafuni, mbele ya ekseli ya nyuma, yamefungwa kwa mikanda yasisogee hata kidogo. Juu ya paa weka hema, magodoro na mahitaji mepesi. Na usiweke maji yote kwenye chombo kimoja kikubwa, kwa sababu chombo kimoja kikipasuka, safari imekwisha. Jerikeni kumi za lita 20 zinatosha.

Maji ya njiani yapo, ila kila mahali yana masharti yake. South Horr kuna vijito vinavyoteremka kutoka Mlima Nyiro, maji mazuri, yachemshe tu. Loiyangalani kuna chemchemi ya maji ya uvuguvugu chini ya mikoma, ndiyo iliyoufanya mji uwepo. Maji ya ziwa lenyewe ni habari nyingine. Turkana ni ziwa kubwa kuliko yote duniani yaliyo jangwani, maji yake karibu yote yanaletwa na mto Omo kutoka Ethiopia, na hakuna mto unaotoka. Jua linakausha, magadi yanabaki. Mwaka 1888 msafara wa wapelelezi wa Ulaya, Count Sámuel Teleki na Ludwig von Höhnel, uliotokea Pangani na wapagazi wengi wa pwani na Unguja, ulipita chini ya Mlima Nyiro ukafika ncha ya kusini ya ziwa hili. Wapagazi wakayakimbilia maji kwa shangwe, wakakuta yana chumvi. Nawaambia wageni kisa hicho tukiwa bado South Horr, tukijaza. Mtu anaweza kuyanywa akizidiwa, na wako wanaoyanywa miaka yote, lakini yana floridi nyingi inayoharibu meno, na tumbo lisiloyazoea litakusumbua siku ambayo huna nafasi ya kuumwa.

Neno kuhusu visima, nalisema kwa uzito. Kisima cha kaskazini kina wenyewe, hata kama hukuona mtu. Kuna ukoo uliokichimba, kuna mzee anayepanga zamu, ngamia wa nani watangulie na mbuzi wa nani wafuate, na zamu hiyo imekubaliwa kabla wewe hujazaliwa. Usifike na jerikeni zako ukaanza kuteka. Zima gari mbali ili mifugo isishtuke, tembea, salimia, uliza amani na uliza mvua, kisha subiri. Sijawahi kunyimwa maji nilipoomba hivyo. Nimeshuhudia wageni wakioga kwa sabuni kandokando ya birika la mifugo, na aibu ile ilinikaa siku nyingi ingawa hawakuwa wa msafara wangu.

Tairi

Upepo wa tairi ndio utakaoamua kama utafurahia safari hii au utaihesabu kwa pancha. Kwenye lami mpaka Maralal nabeba upepo wa 40 mbele na 50 nyuma kwa kipimo cha psi, kwa sababu ya mzigo. Lami ikikatika nashuka kabla hata ya kuwasha gari tena: 30 mbele, 35 nyuma. Barabara ya Poror, Morijo na Marti ina mikunjo mizito kama bati, na tairi ngumu hukabidhi kila pigo kwa springi, shokomzoba na mgongo wako. Tairi iliyolegea kidogo hujikunja juu ya jiwe badala ya kukatwa nalo. Kwenye laga, yaani mito mikavu ya mchanga inayoikata barabara kila mara, nashuka mpaka 18 au 20. Watu huogopa kushusha hivyo, lakini ukiitazama tairi kwa karibu utaona siri yake: haipanuki sana ubavuni, inarefuka. Unyayo unaokanyaga mchanga unakuwa mrefu kuliko mwanzo, uzito unagawanyika, na gari linapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Ukianza kuzama, ondoa mguu kwenye mafuta mara moja. Dakika mbili za kukoroga ndizo zinazogeuza kukwama kidogo kuwa kazi ya jembe ya saa tatu.

Beba tairi mbili za akiba, tyubu, viraka na gundi, na pampu ya umeme inayofungwa kwenye betri. Miba ya mgunga hupenya chochote. Beba pia jani la kwanza la springi ya nyuma na yu-boliti zake, zile za umbo la U zinazoifunga springi kwenye ekseli. Kila jioni, kabla ya chai, nalala chini ya gari na spana mkononi: yu-boliti, boliti za shokomzoba, za keria, vishikio vya betri. Kila jioni kuna iliyolegea. Kichujio cha hewa nakipiga vumbi siku kwa siku.

Amani ya njia

Ukanda wa Maralal hadi Baragoi na bonde la Suguta una historia ndefu ya wizi wa mifugo kati ya majirani, na silaha zipo. Novemba 2012 polisi zaidi ya 40 waliuawa huko Suguta wakifuatilia mifugo iliyoibwa. Sisemi hili ili kumtisha mtu. Familia nyingi zinaishi humo na watoto wao wanakwenda shule. Nalisema kwa sababu hali hubadilika wiki kwa wiki, na aliyepita mwezi jana hawezi kukujibu la leo. Maralal napita kituo cha polisi, Baragoi vilevile, na naongea na madereva wa malori ya mifugo, ambao habari zao mara nyingi ni mbichi kuliko za ofisini. Wakisema tungoje kesho, tunangoja kesho. Ndiyo maana ratiba yangu huwa na siku mbili tupu ndani yake. Siku tupu ni akiba, kama tairi.

Magari yawe mawili. Simu hushika mijini tu, na kati ya mji na mji ni ukimya wa saa nyingi, kwa hiyo nabeba simu ya setilaiti. Nawaomba pia wasafiri wote wawe na bima ya kusafirishwa kwa ndege wakiumia. AMREF Flying Doctors wanauza uanachama wa aina hiyo, na Loiyangalani na North Horr viwanja vidogo vya ndege vipo.

Upepo wa Loiyangalani

Ukiipita South Horr, milima inafunguka na unaona milingoti meupe, safu juu ya safu. Ni mitambo ya umeme wa upepo ya Lake Turkana Wind Power, mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, iliyounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018. Mitambo hiyo ndiyo taarifa yako ya hali ya hewa ya usiku huo. Hakuna mtu aliyeijenga pale kwa sababu ya mandhari.

Pepo zinazotoka Bahari ya Hindi, iwe kusi iwe kaskazi, zikisukumwa bara hukuta ukuta wa nyanda za juu za Kenya upande mmoja na za Ethiopia upande wa pili. Kati yake kuna mlango mmoja mpana wa chini, na hewa yote inabanwa ipite hapo. Ikibanwa huongeza kasi. Jioni hewa ya Mlima Kulal, wenye urefu wa zaidi ya mita 2,200, hupoa na kuteremka kuelekea ziwani, ikijiunga na ile ya mlangoni. Hivyo mchana unaweza kufika Loiyangalani kukiwa kumetulia, joto limekaa juu ya mawe meusi, ukaona hakuna haja ya kufunga kamba zote. Saa nne za usiku hema linaanza kutetemeka. Alfajiri ndipo upepo unapofikia kilele, na asubuhi unaanza kupungua taratibu.

Namna ninavyosimamisha hema hapo ni hii. Kwanza natafuta ukuta wa asili: shina la mikoma, boma la mawe, nyumba. Nikikosa, magari mawili yanakaa yamepanga mstari upande wa Kulal, na hema linakaa nyuma yake, ncha yake nyembamba ikielekea upepo. Vigingi vya kawaida havishiki kwenye changarawe ya lava, vinang'oka kwa kidole. Kwa hiyo kila kamba naifunga kwenye jiwe la ukubwa wa kichwa, kisha juu ya kamba, karibu na jiwe la kwanza, naweka jiwe la pili kubwa zaidi. Kamba ikivutwa, jiwe la kwanza linajikaza dhidi ya la pili. Ndani, mizigo yote inakaa kwenye kona za upande wa upepo. Mlango unabaki umefungwa hata kukiwa na joto, maana upepo ukiingia ndani hutaliona tena hema lako. Hema la juu ya gari, ambalo siku hizi wengi wanalinunua, huko naliacha limekunjwa. Kwa urefu ule linashika upepo wote.

Kabla ya kuvaa viatu asubuhi, vipigepige chini, huenda ndani mna nge. Usiku usitembee bila tochi na viatu vilivyofunika mguu: maeneo hayo yana nyoka mdogo wa rangi ya mchanga, sumu yake ni kali, anayejikunja na kusugua magamba yake kwa sauti ya kukwaruza anapoonya. Ukiisikia, simama, angaza, rudi ulikotoka.

Kuni usikate. Mgunga mmoja jangwani ni kivuli cha mbuzi, chakula cha ngamia na uzio wa boma, na kuota kwake ni kwa miaka mingi. Mtungi wa gesi wa kilo sita unawapikia watu wanne safari nzima. Kabeji, viazi na vitunguu nunua Nyahururu, vinavumilia joto kuliko sukuma wiki. Ukipata nyirinyiri, ile nyama ya vipande vidogo iliyokaushwa ikahifadhiwa ndani ya mafuta yake, nunua ya kutosha. Hakuna nyama nyingine itakayokaa siku zote hizo bila barafu.

Loiyangalani inastahili siku ya kupumzika. Nenda kwa Waelmolo, wavuvi wa ziwa hili, kwa mwongozo wa mwenyeji na kwa malipo yaliyokubaliwa mapema. Miaka ya karibuni ziwa limepanda, na kijiji chao cha Komote kimejikuta kimezungukwa na maji. Waulize wenyewe, watakueleza mistari ya pwani ilikuwa wapi.

Chalbi

Kutoka North Horr kwenda Kalacha unaingia Chalbi, sakafu ya ziwa la kale, tambarare nyeupe ya udongo na magadi. Hapa mawe yanakwisha na hatari inageuka. Barabara inakuwa laini na pana, gari linakimbia kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na mazigazi yanakuonyesha maji pande zote. Yale ya mbali ni uongo wa jua. Tatizo ni maji ya kweli, ambayo hayaonekani, kwa sababu yako chini ya ganda.

Mvua ikinyesha milimani, hata kama Chalbi yenyewe haikupata tone, maji huja kutulia hapa. Juu hukauka baada ya siku kadhaa, ganda jeupe likajifunga, na chini yake tope linabaki kwa wiki. Kwa hiyo nasafiri Juni hadi Septemba, au Januari na Februari, na bado sipiti bila kukagua. Rangi ikibadilika mbele yangu, kutoka nyeupe kavu kwenda kijivu, nasimama. Nashuka, natembea hatua thelathini mbele, nasukuma kisigino kwa nguvu. Ganda likilia kavu na kisigino kikibaki juu, napita. Likivunjika na kisigino kikatoka na tope jeusi la kunata, narudi nyuma kwenye alama zangu zile zile, bila kugeuza gari.

Mara moja nikiwa nimesimama hivyo, mzee wa Kigabra akaja na ngamia wake. Tukasalimiana.

"Amani iko, mzee?"

"Iko. Mvua ndiyo hakuna."

Nikamwuliza kuhusu njia iliyonyooka mbele yetu, ambayo ramani ya simu ilikuwa inaionyesha.

"Hapana pita huko. Chini iko maji. Juzi lori imezama. Fuata ngamia."

Njia ya ngamia ilizunguka mbali sana upande wa kusini, ikatugharimu nusu siku. Njiani tuliliona lori lenyewe kwa mbali, limezama mpaka kwenye bodi, na watu wamekaa kivulini mwake wakingoja. Tukawafikishia maji kwa miguu. Ngamia huwa mzito na unyayo wake ni mpana. Mahali anapokataa kupita, gari la tani tatu lisijaribu.

Kalacha kuna chemchemi na mikoma, na usiku pale ni wa kupumzika kweli. Kutoka hapo hupitia Maikona, na siku hiyo hiyo unapanda Marsabit, msitu wa ukungu juu ya jangwa, makao ya ndovu Ahmed, ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi wa amri ya serikali mpaka alipokufa mwaka 1974. Utavaa sweta jioni hiyo.

Kazi mbili usiziahirishe ukiwa Marsabit. Osha gari kwa chini, si ubavuni tu: ndani ya chasisi, juu ya ekseli, kwenye mabomba ya breki, kwa sababu magadi ya Chalbi huanza kula chuma mara yanapopata unyevu wa ukungu ule. Na jaza tairi upepo mpaka 40 na 50 kabla hujaigusa barabara ya Isiolo. Ni kilomita 260 hivi za lami nzuri, kila mtu huzikimbilia kwa furaha ya kumaliza, na tairi iliyobaki na upepo wa mchangani hupata joto ikapasuka kabla ya Laisamis.